Mbwa alibaki, sisi tukatoroka

Mkazi yeyote wa Thika anajua asili ya jina Kiandutu. Katika lugha ya Gikuyu ndutu ni funza, na Kiandutu ni mahali pa funza. Mtaa huo wa mabanda, ulio karibu na Makongeni, si mbali na barabara iendayo Garissa, umebeba jina la mdudu anayeingia katika nyayo za maskini na kuwatesa mpaka wakashindwa kutembea. Leo ningependa kumsimulia msomaji habari za kiumbe mwingine wa mtaa huo huo, ambaye hakuna aliyewahi kufikiria kuupa mtaa jina lake. Huyo ni mbwa. Pamoja na habari zake nitasimulia aibu yangu mwenyewe, maana mbwa huyo alifanya bila malipo kazi ambayo mimi nilikuwa nikilipwa mshahara kuifanya.

Mwaka wa 2011 nilikuwa nikifundisha darasa la sita katika shule moja ya msingi ambako watoto wengi wa Kiandutu walisomea. Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwamo mvulana mmoja mtulivu, hodari wa hesabu, aliyelelewa na nyanyake. Kila asubuhi mvulana huyo alisindikizwa hadi langoni na mbwa wa rangi ya udongo, mbavu zinahesabika, sikio moja limekatika. Watoto walimwita Simba, nadhani kwa kejeli. Bawabu alimfukuza kwa mawe kila siku, naye kila siku alirudi nyuma kiasi cha kutofikiwa na jiwe, akajilaza kivulini hadi saa ya kwenda nyumbani.

Ijumaa moja, tukiwa gwarideni, mvulana yule alitoa kilio kimoja kikali akaanguka chali. Mwili ulikakamaa, kisha mikono na miguu ikaanza kutikisika kwa nguvu, povu likamtoka kinywani. Wanafunzi walitawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Mmoja wao alipiga kelele kwamba asiguswe, kwa kuwa akitokwa na hewa aliye karibu ataambukizwa. Nami, mwalimu wake, niliyekuwa na cheti cha ualimu na miaka kumi na miwili kazini, nilirudi nyuma hatua mbili. Nakumbuka idadi hiyo kwa sababu nimezihesabu hatua hizo mara nyingi tangu siku ile.

Bawabu alikuwa ameliacha lango ili aje kutazama, na Simba akapenya. Alikimbia moja kwa moja hadi kwa mvulana, akajilaza ubavuni pake na kuanza kumlamba shavu. Mwenzangu mmoja, aliyekuwa jasiri kuniliko, alikuja na kijiko akikusudia kuyatanua meno ya mtoto kwa nguvu. Mbwa alinguruma, na mwenzangu akasita. Sitadai kwamba mnyama yule aliijua huduma ya kwanza. Lakini nilikuja kujifunza baadaye kwamba kijiko kile kingeweza kumvunja mtoto meno au kumjeruhi kinywa, na kwamba mtu aliyepatwa na kifafa hawezi kuumeza ulimi wake, kama wengi wetu tunavyoamini. Kati ya mwalimu aliyerudi nyuma, mwalimu aliyeshika kijiko na mbwa aliyelala ubavuni, aliyekosea kidogo zaidi alikuwa mbwa.

Baada ya dakika mbili au tatu mtikisiko ulikoma. Mvulana alifumbua macho akiwa amechoka na kupumbaa. Alimwona mbwa kwanza. Kisha akatuona sisi, watu mia kadhaa tuliosimama kwa duara pana, na katikati ya duara hakuna mtu isipokuwa yeye.

Adhuhuri ile wakubwa wa shule walikata shauri kwamba mtoto akae nyumbani mpaka apone. Mimi ndimi niliyetumwa kuupeleka ujumbe. Nilimkuta nyanyake mbele ya chumba chao cha mabati, akipanga mafungu ya sukuma wiki juu ya gunia.

"Shosho," nilimwambia baada ya salamu, "shule imeomba mtoto apumzike nyumbani hadi atakapopona."

"Atapona lini, mwalimu?"

Sikuwa na jibu.

"Na akianguka hapa nikiwa sokoni, nani atakuwa naye?" Alimnyoshea kidole mbwa aliyekuwa amejikunja mlangoni. "Ni huyu tu. Mtoto akianguka, huyu hubweka kwa namna yake, na majirani wamekwisha kuijua. Wako wanaokuja, na wako wanaofunga milango. Mwalimu, ninyi mmesoma na mnaogopa. Huyu hajasoma, haogopi."

Maneno hayo yalinichoma. Nilirudi nyumbani nayo, na kwa miaka iliyofuata nikawa msomaji wa kila nilichoweza kukipata kuhusu kifafa na kuhusu wanyama wanaowasaidia wenye maradhi hayo. Niliyoyasoma yalinishangaza kwa njia mbili, nami nayaleta mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi ili wao wasisubiri kufundishwa na mbwa kama mimi.

Jambo la kwanza ni kwamba Simba hakuwa kioja. Katika nchi za Ulaya na huko Marekani kuna mashirika ambayo kazi yake ni kuwafunza mbwa kuishi na watu wenye kifafa. Mbwa hao ni wa aina mbili, na yafaa tusizichanganye. Wa aina ya kwanza hufunzwa kutenda jambo fulani mwenzao anapoanguka: hubweka ili watu waje, hulala kando yake, hubonyeza kitufe cha kengele, au huleta simu. Kazi hii hufunzika, kama vile mbwa wa polisi anavyofunzwa kufuata harufu. Wa aina ya pili ni wale wanaosemekana kukihisi kifafa kabla hakijafika. Huanza kumzunguka mwenyewe, kumkazia macho au kumgusa kwa pua, naye akapata nafasi ya kuondoka jikoni au barabarani na kuketi mahali salama. Uwezo huu wa pili haufundishiki kwa urahisi. Wengi wa mbwa waliosifiwa kuwa nao walianza wenyewe baada ya kuishi na mgonjwa kwa muda mrefu, na wataalamu wangali wanajadiliana ni kwa kiasi gani tunaweza kuutegemea.

Je, mbwa huhisi nini? Mwaka wa 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rennes, nchini Ufaransa, walitangaza matokeo ya jaribio lililowahusisha mbwa watano. Mbwa hao waliwekewa harufu ya pumzi na jasho la watu wenye kifafa, nyingine ikiwa imechukuliwa wakati wa mshtuko na nyingine katika nyakati za kawaida. Watatu kati yao hawakukosea hata mara moja kuitambua harufu ya mshtuko, na wawili waliosalia waliitambua mara mbili katika kila mara tatu. Yaani, mwili unapopatwa na kifafa hutoa harufu yake maalumu, ingawa pua zetu sisi haziinusi. Jaribio hilo halikuthibitisha kwamba harufu hiyo hutangulia mshtuko, lakini lilionyesha kuwa wanaosema mbwa wao "anajua" hawaoti ndoto.

Uchunguzi mwingine ulifanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka wa 2024. Huo ulihusu watu 25 wenye kifafa kikali ambacho dawa zilikuwa zimeshindwa kukituliza. Walifuatiliwa kwa miaka kadhaa, kabla ya kupewa mbwa waliofunzwa na baada ya kupewa. Ilionekana kwamba, kwa wastani, mishtuko yao ilipungua kwa asilimia 31. Huenda sababu mojawapo ni kwamba mtu asiyeishi kwa hofu ya kuanguka peke yake hutulia, na moyo uliotulia huupunguzia ubongo msukosuko. Ikiwa ndivyo, basi dawa aliyoileta mbwa ni uenzi. Na uenzi, ndugu msomaji, hauhitaji manyoya wala mkia.

Najua atatokea wa kuniambia kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, ambao mbwa wao hulala vitandani. Ni kweli kwamba kumfunza mbwa mmoja wa aina hiyo huchukua muda mrefu na hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Hakuna mama muuza mboga wa Kiandutu atakayezipata. Lakini si kweli kwamba elimu ya kumfunza mnyama imetupita kando sisi watu wa Afrika Mashariki. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limekuwa likiwafunza panya buku tangu mwaka wa 2000. Panya hao hunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na wengine hunusa makohozi ili kutambua kifua kikuu. Panya mmoja huweza kupitia sampuli mia moja kwa dakika ishirini. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu huko Uingereza mwaka wa 2020 kwa ushujaa wake. Ikiwa panya, mwizi wa mahindi ghalani, ameweza kuwa mtumishi wa afya ya umma, sembuse mbwa?

Karibu zaidi na jambo letu ni kazi inayofanywa Gulu, kaskazini mwa Uganda. Francis Okello Oloya, aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa mtoto, alianzisha huko mradi wa kuwaunganisha watu walioumizwa roho na vita vya waasi wa Joseph Kony na mbwa waliokuwa wakirandaranda bila mwenyewe. Mbwa hao huchanjwa, hutibiwa na kufunzwa adabu, na mtu anayekabidhiwa mbwa hujifunza pamoja naye. Mtu aliyekuwa akiamka usiku akipiga kelele kwa sababu ya jinamizi la vita sasa huamka akamkuta mwenzake kando ya kitanda. Mbwa wa Gulu hawakuletwa kwa ndege. Ni mbwa wale wale wa mitaani, jamaa za Simba, ambao sisi tumezoea kuwarushia mawe.

Jambo la pili lililonishangaza ni gumu zaidi kulieleza, nalo ni kwamba mbwa huyo huyo anaweza pia kuwa sehemu ya balaa. Mwaka wa 2013 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa kifafa uliofanywa katika sehemu tano za Afrika, zikiwemo Kilifi katika Pwani yetu, Ifakara nchini Tanzania na Iganga nchini Uganda. Watafiti waliona kwamba kifafa katika sehemu hizo kinahusiana na mambo kama matatizo wakati wa kuzaliwa na majeraha ya kichwa. Waliona pia uhusiano na vimelea mbalimbali. Miongoni mwa vimelea hivyo wamo tegu wa nguruwe na minyoo ya mbwa. Mayai ya minyoo ya mbwa hutoka na kinyesi chake, yakachanganyika na udongo, na mtoto anayecheza hapo akayapeleka kinywani kwa vidole vichafu. Aidha, mbwa asiyechanjwa anaweza kuleta kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao ukishaonyesha dalili karibu kila mara huua. Serikali ya Kenya iliweka mpango mwaka wa 2014 wa kuutokomeza ugonjwa huo miongoni mwa binadamu ifikapo mwaka wa 2030, na msingi wa mpango huo ni kuwachanja mbwa wetu.

Kwa hivyo simwambii mtu yeyote akaokote mbwa jalalani ampeleke kwa mtoto mgonjwa. Nasema kwamba mbwa ni kama jirani: ukimtunza atakutunza, na ukimtelekeza atakudhuru, pengine bila kukusudia. Chanjo, dawa ya minyoo, mikono inayooshwa kwa sabuni na kinyesi kinachofukiwa ndiyo mipaka kati ya mbwa anayesaidia na mbwa anayeangamiza.

Lugha yetu nayo imemwonea mnyama huyu. Kumwita mtu mbwa ni tusi, na wahenga walituonya kwamba ukicheza na mbwa atakufuata msikitini. Ndugu zetu Waislamu wana masharti ya tohara kuhusu mate ya mbwa, nayo ni ya kuheshimiwa. Hata hivyo, mafundisho hayo hayo yanamruhusu mbwa wa mawindo, wa mifugo na wa ulinzi, yaani mbwa mwenye kazi ya kuwafaa watu. Sijui kazi inayopita kumlinda mtoto aliyepoteza fahamu.

Lakini mbwa hakuonewa na lugha kuliko alivyoonewa mgonjwa mwenyewe. Neno kifafa, masikio ya wengi husikia ndani yake kufa, na aliye nalo tumemfanya kama aliyekwisha kufa. Anatengewa sahani, ananyimwa mchumba, anapelekwa kwa waganga ili apungwe pepo. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwakuta wagonjwa wenye makovu mabaya ya moto. Walikuwa wameanguka katika mafiga, na waliokuwa karibu wakaogopa kuwagusa ili kuwavuta nje. Nilipoyasoma hayo nilikiweka kitabu chini. Nilikuwa nimekwisha kuyaona Kiandutu.

Maana kisa cha Simba hakikuishia mlangoni pa shosho. Mwaka uliofuata, asubuhi moja, mbwa kadhaa wa mtaa walikutwa wamekufa. Mtu alikuwa ametupa nyama yenye sumu usiku, huenda kwa kuchoshwa na mbwa wanaozurura, na Simba alikuwa mmoja wa walioila. Wiki chache baadaye nyanya alikwenda kuteka maji, akamwacha mvulana akichemsha chai. Mvulana alianguka juu ya jiko la makaa. Hakuna aliyebweka. Jirani aliyesikia harufu ndiye aliyevunja mlango, na wakati huo mkono wa kushoto ulikuwa umeungua kuanzia kiganja hadi kiwikoni.

Hospitalini, daktari aliyeusafisha mkono aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza kwa mwaka mzima: mtoto huyu alifikaje motoni? Alipoelezwa, alimpeleka kliniki ya kifafa, na mvulana akaanzishiwa vidonge. Havikuwa vidonge vya ajabu. Mojawapo ya dawa zinazotumika sana kwa kifafa ni fenobabitoni, ambayo imekuwa ikitumiwa kwa maradhi hayo tangu mwaka wa 1912 na ni ya bei nafuu. Mishtuko ilipungua mwezi baada ya mwezi, mpaka ikakoma. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba duniani kuna watu wapatao milioni 50 wenye kifafa, kwamba karibu asilimia 80 kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila mishtuko endapo wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Hata hivyo, katika nchi maskini, robo tatu ya wagonjwa hawapati matibabu.

Hapo ndipo aibu yangu inapokaa. Simba alifanya yote ambayo mbwa angeweza kufanya. Alikaa, alilinda, aliita. Lakini mbwa hawezi kuandika barua ya kumpeleka mtoto kliniki. Mbwa hawezi kumwambia mwalimu mkuu kwamba maradhi haya hayaambukizi. Mbwa hawezi kumweleza nyanya kwamba dawa ipo. Hayo yote mimi ningeweza kuyafanya Ijumaa ile ile, kabla ya jua kutua. Badala yake nilipeleka ujumbe wa kumfungia mtoto nje, na mkono ule ukaungua.

Wala hatukukosa wa kuwauliza. Chama cha kuwahudumia watu wenye kifafa nchini Kenya, KAWE, kilianzishwa mwaka wa 1982, karibu miaka thelathini kabla ya gwaride lile. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikuwa imekwisha kutamka kwamba kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Nimeisoma ibara hiyo mara kadhaa, na sikuona mahali palipoandikwa "isipokuwa yule anayeanguka".

Mji wetu wa Thika hauna udhuru pia kwa sababu nyingine. Hapa ndipo ilipo shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka wa 1946. Vizazi vya wakazi wa Thika vimekua vikiwaona vijana wenye fimbo nyeupe wakipita mjini. Hakuna aliyezaliwa akiijua maana ya fimbo ile. Tulifundishwa, tukazoea, na leo hata utingo wa matatu humshika mkono mwenye fimbo akamvusha barabara bila kuambiwa na mtu. Kifafa hakina fimbo nyeupe. Mwenye nacho huonekana kama sisi hadi dakika anapoanguka, na katika dakika hiyo moja ndipo anapotuhitaji tuwe tumekwisha kujua la kufanya.

Na la kufanya si gumu. Mtu akianguka, mwondoe penye hatari kama moto, maji au barabara. Weka kitu laini chini ya kichwa chake, hata sweta la shule. Legeza tai au kola. Usimzuie kutikisika, usimtie kitu kinywani, usimnyweshe maji. Mtikisiko ukikoma, mlaze ubavu ili mate yatoke. Tazama saa: mshtuko ukizidi dakika tano, au ukifuatwa na mwingine kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali haraka. Zaidi ya yote, kaa naye mpaka ajitambue, umweleze kwa upole kilichotokea. Mwanafunzi wa darasa la nne anaweza kuyajua hayo kwa nusu saa. Tunawafundisha watoto wetu majina ya milima ambayo hawataipanda kamwe, na hatuwafundishi namna ya kumsaidia anayeketi nao dawati moja.

Nawaomba walimu wenzangu mambo matatu zaidi. Mtoto akianguka shuleni, swali la kwanza liwe atapelekwa kliniki gani, si atafukuzwa lini. Akianza dawa, mumsaidie asiikatize, kwa maana kuiacha ghafla huweza kurudisha mishtuko mikali kuliko ya awali. Na akirudi darasani, aketi katikati ya wenzake, asitengwe pembeni.

Mvulana yule alipoteza miaka miwili ya masomo kabla ya kurudi shuleni, safari hii kwa mwalimu aliyekuwa bora kuniliko. Leo ni fundi wa viatu Makongeni. Hajaanguka kwa miaka mingi, na kovu la mkono wa kushoto halimzuii kushika sindano. Chini ya meza yake hulala mbwa wa rangi ya udongo mwenye kadi ya chanjo, ambayo fundi huwaonyesha wateja kwa fahari kama mtu anayeonyesha shahada. Nilipompelekea viatu vyangu mara ya kwanza, nilikaa kimya kwa muda mrefu kabla ya kumwomba radhi kwa ajili ya siku ile.

"Nakumbuka nilipoamka nilikutafuta, mwalimu," alisema bila kuinua macho kutoka kwenye soli. "Nilikuona umesimama mbali." Kisha akakata uzi kwa meno. "Lakini ulikuwa hujui."

Alinisamehe kwa neno hilo, na ni neno ambalo sitaki mwalimu yeyote aliyeyasoma haya apewe kesho. Ile ilikuwa zamu yangu ya kutojua. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Simba, asiyejua kusoma wala kuandika, aliuelewa usemi huo kuliko shule nzima iliyokuwa gwarideni. Sisi tuna mikono, tuna simu, tuna kliniki na tuna Katiba. Mtoto mwingine atakapoanguka katika uwanja wowote wa shule, katika Thika au kwingineko, na afumbuapo macho, naomba wa kwanza kumwona awe mwalimu wake, amepiga magoti kando yake.